Fundo Lisilotajwa

Jumanne, 5 Oktoba 1954. Embu.

Makala yangu imerudi kutoka Nairobi. Haikukataliwa na haikukubaliwa. Imerudi kama mtoto aliyefukuzwa shule akaambiwa aje na mzazi.

Daftari hili ni jipya na halinijui, kwa hivyo nianze mwanzo. Mimi ni Njagi, msaidizi wa kilimo katika shamba la majaribio la serikali hapa Embu. Kwetu ni upande wa Siakago, kule chini kwenye joto. Naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza ni cha ofisini na Kimbeere ni cha mama, na haya sitaki yasomwe huko wala huko.

Msimu uliopita nilipanda mawele katika shamba la mama, aina mbili, yenye ndevu, yaani nywele ngumu kwenye suke, na yenye kipara. Nilitaka kujua kama ndevu zinamzuia ndege. Watu wetu husema zinazuia, lakini Jarida la kilimo halichapishi maneno ya "watu husema". Kila mstari ulikuwa na mashina kumi na mawili, na kazi ilikuwa kuhesabu masuke yaliyoliwa. Mimi nashinda Embu, kwa hivyo aliyehesabu ni mama. Hajui kuandika. Kwa kila mstari alichukua uzi wa katani akafunga fundo moja kwa kila suke lililoliwa. Kila mwisho wa wiki nilishuka kwa baiskeli, nikazisoma zile nyuzi kwa vidole na kuziingiza kwenye jedwali. Ndevu zilishinda. Nikaandika makala, Bwana Ashdown, mkubwa wangu, akaninyooshea Kiingereza, nikaituma. Ikichapishwa, litakuwa jina la kwanza kutoka kituo chetu ambalo si la Mzungu. Nalitaka jambo hilo kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na sioni haya kusema.

Leo Bwana Ashdown amenieleza jinsi Jarida linavyofanya kazi. Mhariri haamui peke yake. Makala anaipeleka kwa watu wawili wanaoijua kazi hiyo hiyo, na kila mmoja anasoma kivyake na kuandika kama ichapishwe, irekebishwe au itupwe. Lazima wawe wenzako katika kazi, kwa sababu asiye mwenzako hataliona kosa lako. Jina lako wanalijua. Majina yao hupewi. Nikauliza kwa nini wafichwe. Akasema mtu aliyefichwa husema kweli bila kuogopa. Siku hizi za Hali ya Hatari wilaya nzima inajua aliyefichwa husema nini.

Msomaji wa Kwanza ameandika maneno machache tu, kwamba kazi ni nzuri na koma zimezidi. Msomaji wa Pili ameandika kurasa. Nanukuu sehemu iliyonikosesha chakula cha jioni: "Mistari ya mwandishi ni mingi. Sita ipo mara nyingi, nane ipo mara nyingi. Saba haipo hata mara moja. Bahati haichukii namba. Ama mwandishi ametunga hesabu zake akiwa amekaa kitini, ama kuna jambo hakutuambia."

Ametunga. Mimi, niliyechubuka makalio kwa baiskeli msimu mzima.

6 Oktoba.

Hasira haijaisha. Mvua nayo haijaja.

7 Oktoba.

Nimelipitia jedwali mstari kwa mstari nikitafuta saba moja tu ya kumtupia usoni. Haipo. Namba hizo ziliandikwa na mkono wangu mwenyewe na sikuwahi kuona. Leo sina hasira, nina hofu.

Jumapili, 10 Oktoba. Siakago.

Mama yangu ni Ciakuthii, mjane, mwembamba, mwenye maneno machache na yote ya kukata. Nilimkuta akipepeta kunde uani pamoja na dada yangu mdogo, Wawira. Nikamwuliza kuhusu ile namba. Hakusimamisha ungo.

"Hiyo siifungi," akasema.

Nilijua palepale, na nikaona jinsi nilivyo mjinga. Kwetu namba hiyo ina jina, mugwanja, lakini mtu mzima halitaji ovyo. Ni namba ya laana na ya viapo. Mbuzi hawagawanywi hivyo, wageni hawaketishwi hivyo. Nimelelewa ndani ya jambo hilo, kisha nikaenda Makerere nikalisahau, kama mtu anavyosahau mahali alipozikiwa kitovu. Mama alipofika hapo katika kuhesabu, alirudi nyuma fundo moja au alisogea mbele fundo moja. Nikamwuliza alichaguaje. Akasema siku ambayo ndege walikuwa wakali aliongeza, siku ambayo walimhurumia aliacha.

Nikamwambia, na sauti yangu haikuwa ya mtoto kwa mzazi, kwamba amenidanganya.

Hapo ndipo alipoweka ungo chini. "Sijakudanganya. Nimekukinga. Jina lililo juu ya ile karatasi ni lako. Ulitaka nikuwekee kitu kama hicho chini ya jina lako?"

Wawira aliangalia pembeni. Nilikunywa uji wangu nikapanda baiskeli.

13 Oktoba.

Kithinji amelala kwangu. Alikuwa Nairobi kwa shughuli za shule na anarudi Kaaga, anakofundisha sayansi. Kwao ni Kianjai. Makerere tulilala chumba kimoja na tulivaa soksi moja. Nilipomweleza habari ya mafundo alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akakiri kwamba nyanya yake ni vilevile.

Nikamwonyesha maneno ya Msomaji wa Pili ili anisaidie kumtukana. Alisoma taratibu, halafu akasema, "Bwana, huyu mtu amekuheshimu. Amesoma kila namba yako. Mimi ni rafiki yako na sikuzisoma." Ushauri wake ni niandike ukweli kama ulivyo.

Nimeandika. Nilipofika pa kueleza ni nani aliyeiogopa saba niliandika "mama yangu". Nikaona akilini Wazungu wawili wasiojulikana wakitabasamu. Nikafuta nikaandika "msaidizi wangu wa shambani". Kithinji aliona nikifuta, akakohoa.

20 Oktoba.

Mvua imeanza Embu. Kule chini bado vumbi.

Ijumaa, 29 Oktoba.

Jibu limekuja upesi. Msomaji wa Kwanza hana neno. Msomaji wa Pili anasema: "Ninamwamini mwandishi. Lakini kuamini si kupima. Arudie msimu mmoja, na msaidizi wake wa shambani afunge kila namba, hata ile asiyoipenda."

Mkuki kwa nguruwe. Mimi mwenyewe humwambia mkulima arudie shimo la mbolea mara tatu nikiwa nimesimama kivulini.

Jumapili, 31 Oktoba. Siakago.

Imenichukua kutwa kumshawishi mama. Kwanza alitaka kujua hao wasomaji ni kina nani. Nikasema hawajulikani. Wanaandika kuhusu mtu, na yeye hawajui ni nani? Hawajui, nikasema.

"Kwa hivyo ni wale wa magunia," akasema.

Kila mtu huku anawafahamu. Siku ya kuchujwa watu, homgadi, askari weusi wa serikali vijijini, humleta mmoja aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Watu hupita mbele yake mmoja mmoja. Gunia likitikisa kichwa, aliyepita ni Mau Mau na lori linamngoja. Nikamwambia mama kwamba hawa wangu wanatikisa kichwa kwa karatasi tu, na tena mtu anaweza kuwajibu kupitia kwa mhariri. Akafikiri. Akasema basi hao wana masikio, ni afadhali.

Nikabembeleza tena. Nilimwambia kwamba mawele yenye ndevu yakiandikwa katika Jarida, serikali itagawa mbegu zake na watoto wa Mbeere hawatashinda juu ya madungu wakiamia na kufukuza ndege badala ya kwenda shule. Hiyo ni kweli. Nilimwambia pia kwamba nataka jina langu lichapishwe, na nadhani hilo ndilo alilolisikia.

"Mkono wangu utafunga," akasema mwishowe. "Mdomo wangu hautasema. Kuitaja, utaitaja wewe."

Nikakubali haraka, nikijiona nimepata bei nzuri.

7 Novemba.

Tumepanda. Mama, Wawira na mimi.

14 Novemba.

Mvua nzuri kule chini. Mbegu zimetoka zote.

21 Novemba.

Palizi. Tukiwa shambani alipita Runji, mkuu wa homgadi wa huku. Shule ya misheni tulikaa dawati moja, akinakili hesabu zangu na mimi nikinakili mwandiko wake. Sasa ana koti la kaki na bunduki, na hutembea kama ardhi ni ya kukodi. Ametangaza kwamba kabla ya Krismasi kila mtu awe amejenga ndani ya kijiji kipya, chenye handaki na miba kuzunguka pande zote. Mashamba yatabaki nje. Kafyu ni kuanzia jioni mpaka jua lichomoze. Nilimwuliza kama ndege nao wametangaziwa. Hakucheka.

12 Desemba.

Nyumba ya baba imebomolewa. Mama amehamia kijijini katika kibanda ambacho mtu mrefu hawezi kusimama. Nyuzi zake za katani amezitundika chini ya paa, zenye ndevu upande wa mlango na zenye kipara upande wa kitanda. Nilimwona akizipanga kabla hajapanga vyungu.

19 Desemba.

Masuke yametoka. Ndege huja kabla ya jua, na kafyu inamshika mama ndani ya kijiji akiwasikia. Nilikwenda kwa Runji nikijua atanikejeli. Akaandika pasi hapohapo, kwa ule mwandiko wake mzuri, kwamba Ciakuthii aruhusiwe kutoka alfajiri kuamia mawele. Nikataka kumshukuru. Akasema, "Mama yako alinipa chakula nikitoka shule. Wacha maneno." Nimemwonea bure huyu jamaa.

25 Desemba.

Krismasi ndani ya miba. Tuliimba.

Jumamosi, 8 Januari 1955. Siakago.

Ipo!

Mama alinipa nyuzi za wiki huku ametazama ukuta. Katika mstari wa nne wenye kipara vidole vyangu vilihesabu, vikarudi, vikahesabu tena. Mafundo saba. Amelifunga lile la mwisho dogo na la kukaza sana kuliko yote. Kisha nikaikuta nyingine, na nyingine tena. Zimekaa pale ambapo bahati ingeziweka, kati ya sita na nane, bila mbwembwe.

"Umeitaja?" akauliza.

"Nimeitaja."

"Kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili."

"Hiyo si kuitaja," akasema, na Wawira akacheka, na mimi pia. Mama peke yake hakucheka, lakini alinipakulia nyama ya kwanza.

15 Januari.

Jambo la ajabu, nampenda Msomaji wa Pili. Nikiandika namba namwona akiisoma. Nimempa miwani na kikohozi. Bwana Ashdown hunisifu na hajawahi kufungua daftari langu la shamba. Watu wa nyumbani wanajivunia elimu yangu bila kujua ni elimu ya nini. Huyu ambaye sitamjua kamwe amesoma kazi yangu mpaka akaiona hofu ya mama ndani yake, akiwa mbali, bila kumwona. Sidhani kama nimewahi kusomwa hivyo na mtu.

22 Januari.

Umebaki mstari mmoja wenye ndevu, ule wa ukingoni, uliochelewa kukomaa. Mama atauhesabu wiki ijayo. Ndevu zinashinda tena.

Jumanne, 25 Januari. Embu.

Wawira amekuja kwa miguu kutoka Siakago. Nilimkuta amekaa mlangoni pa ofisi, vumbi mpaka kwenye nyusi, na nikajua kabla hajafungua kinywa.

Homgadi walikuwa wakisaka chakula kinachopelekewa watu wa msituni. Waliingia kila kibanda. Kwa mama walichungulia chungu, wakachungulia chini ya kitanda, wakawa wanatoka. Mmoja akagonga nyuzi kwa kichwa. Runji alikuwa mlangoni. Alishika uzi mmoja akaupitisha vidoleni, akashika mwingine, akauachia kama umemchoma. Wawira anasema rangi ilimtoka.

Kila mtu anajua Mau Mau wanakula kiapo kwa namba hiyo. Wanakunywa mara hizo, wanauma mara hizo. Mzungu angeona kamba za mwanamke mzee akaenda zake. Lakini Runji ni Mmbeere. Anajua hakuna mama wa kwetu anayefunga mafundo hayo kwa mchezo, na anajua mama yangu si mtu wa mchezo. Aliona kile ambacho mwenzetu tu angeweza kukiona.

Mama alipoulizwa ni ya nini, alisema ni hesabu ya mwanawe. Hesabu gani? Ya ndege. Wakamchukua pamoja na nyuzi.

Zingekuwa za msimu uliopita, wangekuta sita na nane, wakapita.

27 Januari.

Bwana Ashdown amesikitika sana. Nilimwomba aje amweleze D.O., afisa wa tarafa, jinsi jaribio lilivyo. Akasema hakumwona mama akifunga, na mambo ya usalama si ya idara yetu. Ameniandikia karatasi inayosema Njagi ni mtumishi mwaminifu wa serikali. Anayeshtakiwa si Njagi, nikamwambia. Akasema ndilo analoweza kulithibitisha. Na kusema haki, ndilo.

Jumamosi, 29 Januari. Siakago.

Naandika haya usiku huuhuu.

Walichuja watu asubuhi uwanjani. Mama alipita mbele ya gunia akiwa amenyoosha shingo. Gunia lilikawia. Nilianza kushukuru Mungu. Kisha likatikisa kichwa.

Baadaye akaletwa chumbani kwa D.O., kijana mwenye uso ulioungua na jua, mwenye haraka lakini si mkali. Nyuzi zilikuwa mezani. Runji ndiye mkalimani. Alisimama wima, akasema, "Bwana, hii kamba iko na mafundo ile ya kiapo. Kwetu hakuna mtu anafunga hii bure."

Nikaomba ruhusa. Nikaweka mezani barua ya Msomaji wa Pili, ile inayosema msaidizi afunge kila namba, hata ile asiyoipenda. Nilikuwa nimeikunja vizuri kifuani tangu Embu, na njiani nilikuwa na uhakika kabisa. D.O. aliisoma yote, mara mbili. Naamini aliielewa.

"Barua hii ameandika nani?"

"Msomaji wa Pili, Bwana. Ni mtaalamu wa Jarida."

"Jina lake?"

"Halitolewi, Bwana. Ndiyo sheria ya Jarida."

"Barua haina jina, si ushahidi." Alisema bila ubaya, akinirudishia. Dirishani nilimwona yule wa gunia amekaa chini ya ukuta, akinywa maji ndani ya kitambaa chake.

Kisha D.O. akaivuta barua tena, akaweka kidole. "Na hapa imeandikwa msaidizi wa shambani. Wapi imeandikwa ni huyu mama?"

Hapakuwa na mahali palipoandikwa, kwa sababu nilipafuta.

D.O. akamgeukia mama. Kupitia kwa Runji akamwambia: kama ni hesabu tu, aseme mwenyewe huu uzi una mafundo mangapi. Aseme namba, amalize.

Mama aliutazama uzi. Alikuwa ameshika mkono mmoja kwa mwingine. Hakusema. Runji akarudia swali, na safari hii sauti yake ilikuwa inaomba. "Sema tu, mama. Sema aandike." Mama akageuka akanitazama mimi. Sikuhitaji mkalimani. Tulikuwa tumepatana: mkono wake, mdomo wangu.

Nikasimama. Chumbani mlikuwa na homgadi, na wazee wa ukoo wetu mlangoni, na nilijua nikilitaja lile jina kwa Kimbeere mbele yao nitakuwa nimelitaja kweli. Nikasema, "Saba, Bwana."

"Wewe nyamaza. Nimeuliza yeye."

Askari akanikalisha kwa bega. Mama aliinamisha macho. Hakunitazama tena, hata walipomtoa. D.O. akaandika kwamba mshukiwa amekataa kutaja idadi.

Niliogopa. Mimi msomi, niliyemcheka mama yangu, niliogopa neno lilelile.

30 Januari.

Sikwenda kanisani.

Jumatano, 2 Februari.

Nimemwandikia mhariri. Nimeeleza yote bila kuficha: kwamba msaidizi wa shambani ni mama yangu mzazi, kwamba yuko mahabusu kwa sababu ya safu ya saba, kwamba Msomaji wa Pili akiweka jina na sahihi chini ya maneno yake yeye mwenyewe, D.O. atayasoma kama ushahidi. Sikuomba makala. Nimeomba jina moja. Nimeambatisha jedwali la msimu huu ili aone kwamba alitii.

6 Februari.

Runji amenijia nikiwa nafunga baiskeli. Hakuwa na bunduki. Nilitaka kumwambia kikulacho ki nguoni mwako, methali ilikuwa imeshafika mdomoni. Akanitangulia.

"Njagi, ungekuwa mimi, ungeona nini?"

Nilimeza methali yangu. Ningeona alichokiona yeye. Nikamwambia aondoke.

9 Februari.

Mama amepelekwa kizuizini, kambi ya wanawake upande wa Nairobi. Wawira aliwahi kumpa shuka. Amesema mama alimwuliza kama ule mstari wa ukingoni umehesabiwa.

13 Februari.

Kithinji ameandika kutoka Kaaga. Anasema niwe na moyo. Sina.

Ijumaa, 18 Februari. Embu.

Bahasha ni ya Jarida. Niliifungulia chooni ili nisionwe.

Mhariri anasikitika mno. Amempelekea Msomaji wa Pili barua yangu yote. Msomaji wa Pili ameguswa, na anamwombea mama heri. Lakini anaona hawezi kutoa jina lake. Anasema wasomaji wakianza kujulikana, hakuna atakayethubutu kusema kweli juu ya kazi ya mwenzake, na sheria ikivunjwa kwa jambo la huruma mara moja, itavunjwa kwa jambo la hila mara ya pili. Mhariri anakubaliana naye. Nimeisoma kama nilivyofundishwa kusoma, nikitafuta kosa katika hoja yake, na sikulipata. Nililia mpaka mtu akagonga mlango.

Karatasi ya pili ni maoni. Nanukuu: "Safu ya saba sasa ipo, na ipo mahali bahati ingeiweka. Sina shaka tena na mwandishi wala na msaidizi wake. Ichapishwe, mara tu mstari mmoja uliobaki utakapojazwa."

Hana shaka tena na msaidizi wangu. Laiti maneno hayo yangekuwa na jina.

Bwana Ashdown amenishika mkono na kuutikisa. Ofisi nzima imenipigia makofi, na nimesema asante.

Jumapili, 27 Februari. Siakago.

Nimepewa pasi ya kuvuna. Wawira alivuna mistari yenye kipara, ndege hawakumwachia kitu. Mimi nilikwenda ukingoni kwenye ule mmoja uliobaki, wenye ndevu. Mawele yamesimama vizuri, yamekauka, yanachoma mkono.

Nilikuwa nimeazimia tangu njiani. Nitahesabu kama mama alivyohesabu, kwa uzi, na nitahesabu kwa Kimbeere, kwa sauti. Popote itakapofika namba ile nitaitaja kama tulivyopatana, hata kama wa kunisikia ni ndege tu. Ni deni langu kwake na sina lingine la kumlipa.

Nikaanza shina la kwanza. Suke zima. La pili limeliwa, nikataja moja, nikafunga. Nikaendelea taratibu, nikigeuza kila suke. Ndevu hazikusaidia sana ukingoni, ndege huanzia huko. Nilifunga fundo la nne, la tano. La sita nililitaja kwa nguvu, Wawira akainua kichwa kule mbali. Shina la mwisho, la kumi na mbili, nalo lilikuwa limeliwa.

Nilisimama na uzi mkononi. Neno lilikuwa pale. Nilifikiria kambi ile, na shuka moja, na baridi ya upande ule ambayo mama haijui. Nilifikiria jinsi alivyonitazama chumbani. Nikafunga fundo, dogo na la kukaza, bila kusema. Kisha nikafunga jingine juu yake.

Jioni hii nimejaza jedwali. Mstari wa mwisho, wenye ndevu: nane. Nimeuandika kwa wino, kwa mwandiko safi, na kesho utakwenda Nairobi. Msomaji wa Pili atausoma, maana yeye husoma kila namba, na safari hii hataona kitu.

Sijadanganya. Nimemkinga.